Kuku wa Mfaume

Siku ya kwanza alisema ni kwa ajili ya kuku.
Mabomba mawili ya sindano, dada, yale madogo,
kuku wangu wameingiwa na mdondo.
Shati la mikono mirefu
Lindi hii, Novemba hii,
jua limekaa juu ya bati kama mwenye nyumba.
Alijifanya hanijui. Nami nikajifanya.
Chanjo ya mdondo ni tone la jicho.
Hata mtoto wa Ng'apa anajua haichomwi.

Juu ya kaunta Mama Likwata kaandika kwa wino mwekundu:
MABOMBA HATUUZI BILA CHETI.
Cheti chenyewe huulizwa wale tu
wenye midomo mikavu na macho ya kusinzia.
Mke wa mwalimu hununua kumi, anaaga, anakwenda.

Nikasema yameisha.
Akashukuru. Hilo ndilo lililonikaa kooni:
alishukuru, akainama mlangoni
kana kwamba mlango ni mfupi.

Usiku nilitoka kumwaga maji ya vyombo.
Nyuma ya ghala la korosho, watatu na tochi ya simu,
bomba moja linazunguka
kama kata ya uraka msimu wa mabibo.
Wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu akawa Mfaume Namkulala,
niliyekaa naye dawati moja,
aliyeniazima ufutio darasa la nne
akanidai mpaka la saba.

Nilinunua boksi kwa pesa yangu, duka la jumla, kule stendi.
Sikulala vizuri. Sitasema nililala vizuri.

Akarudi.
— Kuku wanaendeleaje?
Akanitazama muda mrefu, anatafuta mtego ulipo.
— Wameongezeka. Wako saba.
Nikampa saba, na pamba, na vichupa vya maji ya sindano,
na kopo la maziwa, mfuniko nimeutoboa.
— Mayai yakitagwa usiyaache njiani,
watoto wanapita pale pekupeku.
Tia humu. Niletee.

Basi ndiyo biashara yetu.
Kopo tupu linakwenda, kopo zito linarudi
ndani ya mfuko wa salfa, linalia kama kayamba.
Yuko nesi, simtaji, anayachoma mayai pamoja na ya kwao.

Sijaokoa mtu.
Iko dawa ya kunywa kila asubuhi, nasikia,
mtu akainywa akarudi kazini kama watu.
Iko, lakini si hapa.
Mfaume alijaribu kuifuata mara moja:
basi lilipofika Somanga mwili ulikwisha anza kudai,
akashuka na jasho lake, akarudi kwa lori la chumvi.
Aliponisimulia alicheka, mimi sikucheka.
Ninachompa ni sindano ambayo haijaingia kwa mwingine.
Ni kitu kidogo. Kinaingia kwenye kiganja.

Pesa ya korosho ilipolipwa, kete zilishuka na basi lile lile.
Kuku wakafika ishirini na wawili.
Mama Likwata akauliza mbona pamba inatoka hivi.
Nikasema watu wanafuga.
Akaenda stoo. Nikamsikia analiinua kopo,
analitikisa mara moja, kimya,
halafu kimya kingine kirefu zaidi.
Karatasi nyekundu ipo mpaka leo.
Ila kopo nililikuta limehamishwa,
limewekwa upande usiovuja.

Kisha siku tisa Mfaume hakuja.
Nilihesabu kwa risiti.
Siku ya kumi akaingia binti simjui,
khanga kajifunga mpaka viwikoni,
akasubiri mteja wa panado atoke.
— Nimeambiwa hapa kuna mtu anajua mambo ya kuku.

Ulimi ulishakwenda kwenye jina lake.
Nikaurudisha.
— Wako wangapi?
Akahesabu kwa vidole.
Akasita. Akakunja kimoja,
akaanza upya.