Jikoni kwa Otilie

Saa kumi na moja alfajiri natoka tanurini,
unga masikioni, unga kwenye nyusi,
mikate mia tatu nimewaachia madereva.
Mke wangu huniuliza kwa nini silali.
Hulala, lakini si sasa.

Mnyororo ulikula kutu tangu theluji ya kwanza;
nimeupaka mafuta ya kukaangia ya kazini,
basi kila nikipanda kilima nanukia maandazi.

Kuna mabwawa matatu juu ya mji wetu.
La kwanza ni la wavuvi na viti vyao vya turubai,
la pili lina uzio, na mbwa.
La tatu halina mtu. Ndiko niendako,
kilomita kumi na nne, tisa zikiwa za kupanda,
kamera nimeifunga kifuani isigongane na pampu.

Aprili huku haina msimamo:
inakuvua glavu, ukifika kona inakudai uzivae.
Barafu imebaki kivulini tu, chafu,
kama sukari iliyomwagika ikakanyagwa.
Vyura wanavuka lami wawili wawili,
dume mgongoni, jike kambeba yeye na safari yote;
nashuka, naikokota baiskeli.
Mbayuwayu wa kwanza keshafika.
Sijui huko kusini alikotoka humwitaje.
Hapa tuna jina lake, wala haliitikii.

Nimekuja kwa ajili ya vibisi wawili wenye vishungi.
Wakipendana huzama, kila mmoja kwake,
huibuka na magugu mdomoni,
husimama kifua kwa kifua juu ya maji
kama watu waliosahau kuwa hawana pa kusimama.
Nasimulia tu. Sijaona.
Siku kumi na moja nimerudi na picha za ukungu.

Otilie anakaa nyumba ya mwisho kabla ya ukuta wa bwawa.
Miaka themanini na minane, buti za marehemu mumewe.
Akisikia breki zangu hufungua dirisha,
na ombi lake ni lilelile:
"Nipigie pale. Kati ya mnara wa maji
na msonobari uliovunjika.
Palikuwa na jiko letu."

Mto ulipozibwa alikuwa na miaka kumi na miwili.
Walipewa lori moja na wiki tatu.
Siku ya mwisho mama yake alifagia sakafu.
"Alifagia," huniambia, "na maji yameshafika kwenye bustani ya jirani."

Basi napiga. Kila asubuhi fremu moja ya maji matupu,
mara ya kijivu, mara yenye mikunjo ya upepo,
mara wingu limelala humo na viatu vyake.
Hynek wa duka la picha haulizi tena.

Jumanne ukungu uliinuka vipande vipande.
Nililenga pale pa Otilie, wajibu kwanza,
na ndani ya fremu yake, bila hodi, wakatokea.
Wakazama.
Kimya.
Wakaibuka kifua kwa kifua, magugu yakichuruzika,
vichwa kulia, kushoto, kulia,
kama wanaokataa jambo moja kwa pamoja.
Mikono hii hukanda kilo sitini kwa usiku.
Ikatetemeka.

Kwa hiyo kishungi kimoja kilitoka dhahiri,
cha pili moshi.
Nikampelekea, pamoja na mkate mweusi wa moto.
Aliishika picha mbali, akaisogeza,
akaenda nayo mlangoni penye mwanga.
Ndege hakuwatazama. Kidole kilitembea juu ya maji,
kikasita, kikarudi nyuma kidogo, kikatua.
"Dirisha lilikuwa hapa."

Akanyamaza muda wa kukata kipande cha mkate.
Kisha: "Na hawa bata wako, waambie wafute miguu."
"Si bata," nikasema, "ni vibisi."
"Hata kama," akasema.
"Kumefagiliwa."