Waya wa Kwenda, Waya wa Kurudi

Nilinunua unene.
Naungama mapema, nisije nikajifanya mjuzi.
Nilikwenda Chake na pesa za karafuu mfukoni,
nikaona pindi jekundu la waya limening'inia ukutani,
nene kama gumba la mchukuzi,
nikasema: huo. Mita saba. Bei gani?
Nikapunguziwa, nikafurahi,
nikarudi Wete nimeupakata mapajani
kama keki ya harusi.

Shaame Hamad hakusema neno.
Fundi huyu akinyamaza, jua kuna hasara.
Alikata ncha, akamenya gamba,
na gamba likaendelea kumenyeka
hata tukazifikia nyuzi:
kishada kidogo kilichovaa koti la babu yake.
Akazikwaruza kwa kisu.
Wekundu ukafutika kama rangi ya mdomo,
chini pakawa peupe.
"Aluminiamu. Imepakwa shaba usoni."

Nikazikumbuka sufuria za bibi yangu, Bikombo,
zile za walima:
ndani bati jeupe, kazi ya mtia bati,
lakini nyanyua, gonga, kwaruza ukingo —
shaba, imekaa kimya chini ya bati lake.
Huu wangu kinyume.
Shaba yote imekwenda usoni.

Nilijitetea. Nani asingejitetea?
Nikasema, aluminiamu nayo inapitisha umeme.
"Inapitisha," akasema Shaame.
"Na mlango mwembamba nao hupitisha jeneza,
ukiliinamisha.
Amplifaya yako inakula ampea themanini,
na kutoka betri mpaka buti ni safari.
Umeme utachoka njiani,
na umeme ukichoka hutoa moto."
Ndiyo maana, kwa waya wa zamani,
taa za Probox yangu zilisinzia kila besi ilipogonga,
kama mzee kwenye hotuba ya Ijumaa.

Nikarudi dukani na hasira iliyonyooka.
Muuzaji wala hakukunja uso:
"Ungeniuliza shaba, ningekuonyesha shaba.
Wewe uliniuliza bei."
Nikakosa pa kuiweka ile hasira.
Nikatoka nayo, nikanywa juisi ya ukwaju,
nikaingia tena.

Safari hii nilikuwa na ugwe.
Usiku uliopita Mize alinishikia ncha moja penye betri,
nami nikaulaza njia nzima,
kizingiti cha mlango, chini ya zulia, kona kwa kona,
mpaka nyuma: mita tano na robo.
Mita mbili kasorobo nilikuwa nimeziuziwa na woga wangu.
Chini ya zulia tukakuta vikonyo vya karafuu, sarafu ya mia,
na kadi ya kliniki ya mtoto
tuliyogombana mwaka mzima nani kaipoteza.
Mize aliikung'uta vumbi.
Hakusema nani.

Waya wa shaba tupu: mwembamba kuliko ule,
milimita ishirini na tano za kweli, si za gamba.
Nilipopokea, mkono ukashuka.
Vidole vikanuka sarafu.

Shaame akaweka fyuzi shubiri moja kutoka betri,
"balaa likija ife hii, lisife gari."
Kisha akainama nyuma, akaparuza rangi ya bodi
mpaka chuma kikang'aa, roho ikiniuma, rangi nzuri ile,
akauliza: "Na wa kurudi uko wapi?"
Sikumwelewa.
"Umeme una kwenda na kurudi.
Watu hununua wa kwenda,
wa kurudi wakaokota."
Nikamuwaza ndugu yangu Khatib, aliyeko Maskati.
Tiketi nilimkatia mimi.
Ya kwenda.

Tukawasha.
Besi ikagonga, mabati ya jirani yakaitikia,
taa zikabaki macho.
Ukisikia vyavuma, vimeungwa.

Na huu umeme wa nyumbani
unatufikia Pemba kwa waya uliolala chini ya bahari, kutoka Tanga.
Nani aliukwaruza kabla ya kuulaza?
Sikulala vizuri.

Ule waya mnene tumeufunga uani,
mgomba mpaka nguzo.
Mize anaanikia nepi.
Kwa kazi hiyo, haki ya Mungu,
hauna kosa.