Somo la Nne, Jaribio la Saba

Simu nimeifunga kwa mpira wa nywele
juu ya ndoo mbili na kamusi;
shuka nimelitundika mlangoni limeze mwangwi.
Makuburi, saa tano usiku, muda pekee
ambao mchomea mageti hapo chini
amelaza grinda yake.

Jaribio la kwanza, jogoo wa Mama Sekela.
La pili nilisema safu, nikaonyesha mstari.
La tano nililipenda, ila sikubonyeza kitufe.

Haya. Wanafunzi wangu, habari za saa hizi.
Leo wale wafungwa wawili wa kitabuni tuwaache selo,
hamjawahi kuwaona, wala mimi.
Chukueni wapangaji wawili, mita moja ya LUKU.
Nachora visanduku vinne.
Tukinunua sote: mwanga, na kila mtu elfu tano.
Nikinunua peke yangu: mwanga, elfu kumi, na kinyongo.
Akinunua peke yake (hapa huwa natabasamu,
nimejiona kwenye video, pengo la jino linatokeza).
Na kile cha chini kulia, cha chaki nyekundu:
kila mmoja anamngoja mwenzake.

Kila mmoja ana akili. Hilo ndilo tatizo.
Naisema taratibu, nikiitazama kamera
kama nilivyoelekezwa, si uso wangu,
na hapo hapo

giza.

Feni inapunguza, inapunguza, inanyamaza.
Nukta nyekundu ya simu bado inarekodi.
Ng'ambo ya ukuta Fundi Lukindo anageuka kitandani;
naye, najua, anasikia nimesimama.
Juzi nilisema mimi, "Kesho, Fundi."
Jana akasema yeye.
Mbu amewahi kuliko sisi wote.

Nadharia inasema nilale.

Kisha kandambili koridoni. Vidole kwenye mita: ti, ti, ti,
halafu mlio mrefu wa kukataliwa. Tena. Tena.
"Mwalimu," anasema, chini chini, "upo macho?
Nimenunua tangu jana. Namba zenyewe sizioni."

Fundi cherehani. Aliyenipunguzia suruali Jumatatu,
mguu mmoja ukazidi mwingine, nikadhani ni haraka.

Nikamsomea tarakimu ishirini, nne nne,
naye akibonyeza na kuzirudia
kama mtoto wa madrasa.

Video nimeiacha hivyo hivyo:
giza la dakika tatu, sauti mbili zinahesabu.
Visanduku sijavigusa.
Chini nimeongeza zoezi, alama kumi:
mchezaji wa pili alikuwa anangoja nini?