Chini ya Jiwe

Kidonge kilikuwa kidogo, rangi ya vumbi la dagaa.
Ndani yake uyoga, walisema, umesagwa na kupimwa.
Nikamkumbuka mama kichuguuni Magu, mvua za kwanza,
akinichapa kiganja: usioujua, usiuchume.
Nikameza.

Sista Leokadia akanifunga kitambaa machoni.
Mbuke, yule binti wa kusikiliza,
akavuta kiti upande wa moyo, akasema:
Mama Ng'washi, likija la kutisha usilikimbie.
Liulize limefuata nini.

Nikamwambia mimi sioni ya kutisha, naona bili.
Naona ziwa la kushoto ambalo halipo tena,
na ziwa lile jingine dirishani, limejaa, halijali.
Usiku nahesabu: mwezi wa nane nitakuwepo? Wa tisa?
Nani atawapa habari wa Ukerewe?

Kisha dari ikaanza kupumua.

Sitasema yote. Mengine hayana Kiswahili,
hata Kisukuma kiliyashika kikayaachia.
Nilisikia dagaa wakikauka pale Mwaloni, mmoja mmoja,
kisauti kama cha chumvi motoni.
Niliona wale wadudu wanaosimama ziwani kama moshi,
wenye siku moja tu, na bado wanacheza harusi.
Nikalia hadi kitambaa kikalowa.

Halafu likaja jiwe.
Lile la Igogo, la nyuma ya nyumba yetu,
kubwa kuliko kanisa, limekalia jiwe jingine kwa ncha
kama mtu aliyeahirisha kushuka.
Marehemu alijenga chini yake, akaliegemeza bati.
Mwaka wa kwanza sikulala: litaanguka leo.
Mwaka wa pili nikajifungua pale pale.
Wa tatu nikaanika nepi juu yake.
Miaka thelathini na moja,
wala sikumbuki ni siku gani niliacha kulitazama.

Nikaliuliza kama nilivyofundishwa: umefuata nini?
Halikujibu. Ni jiwe.
Ila lilikuwa na joto la jua la mchana,
nikaliegemea mgongo.

Jioni wakanipa uji wa ulezi.
Mbuke akauliza, hofu imekwenda?
Haijaenda, nikasema. Imehamia kiti kile cha plastiki.
Iacheni ikae, nayo imechoka.

Siku ya tatu nikampigia Bujiku simu:
deni la ndoo mbili za dagaa nimekusamehe.
La ndoo ya tatu utalipa.
Kabla ya mwezi wa nane.