Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kwanza wino umeshakuwa rangi ya chai:
Shebwana Makame. Kifua, thelathini na sita.
Shingo, kumi na nne. Mkono wa juu, kumi na mbili na robo.
Alikuja Bondeni na kipande cha tetroni
kinanuka magunia ya kahawa,
kuli wa Kilindini, miaka kumi na tisa,
akasema, "Fundi, acha nafasi. Nitajaa."
Nikacheka, pini mdomoni.
Vijana wote husema watajaa.

Chuma chake kilikuwa ekseli ya lori
na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji,
uani kwa shangazi yake, Majengo,
ambako kuku walihama wenyewe.
Mayai kwa trei. Mbaazi bila mahamri.
Shangazi akilalama mpaka jirani asikie:
"Huyu sikumzaa, lakini yuwala
kama niliyezaa sita!"

Arubaini.
Arubaini na tatu na nusu.
Nilimzunguka na tepu kama mtu azungukaye kisima,
mkono wangu mmoja haumwoni mwenziwe.
Ikabidi mwanafunzi ashike ncha.
Mimi ni mtu wa mifupa, mnanijua;
upepo wa Kaskazi ukivuma nashika cherehani.
Lakini namba zile niliziandika kwa fahari
kana kwamba nyama ni yangu.

Ile chupi ya jukwaani niliishona usiku, mlango nimefunga,
kwa satini iliyobaki kwenye gauni
la bibi harusi mmoja wa Kizingo.
Hilo hakulijua mtu. Sasa mwalijua.

Ukumbi wa Tononoka: mafuta ya nazi
yalinukia mpaka barabarani.
Alikuwako Kilonzo wa Changamwe, mapaja magogo,
alikuwako Jadi Nyamawi, askari polisi,
tumbo limepangwa kama trei ya mikate,
na wasichana wa Mtopanga wakimwita kwa jina la nyumbani.
Shebwana hakutabasamu. Akageuka, akatupa mgongo,
akaufungua polepole, kama mlango wa ghala.
Ukumbi kimya.
Wenzangu walitazama misuli.
Mimi nilitazama mshono.
Mshono ukashika.

Bwana Pwani, mara tatu.
Picha yake kwa kila kinyozi kuanzia Guraya hadi Mwembe Tayari.
Nairobi alikwenda, akarudi na nafasi ya nne na mafua.
Kazi aliyopewa kwa mwili ule wote
ni kusimama mlangoni mwa disko, Nyali,
akitazama wengine wakiingia.

Hamsini na moja.
Nilipiga mstari chini, mara mbili.
Mwaka huo palikuwa na sindano nyingine, si zangu.
Niliona alama alipovua shati, pembeni mwa nyonga.
Sikuuliza. Fundi hupima nje.
Nimejiambia hivyo miaka mingi,
na bado halikai sawa, hilo neno, linavuta begani.

Arubaini na saba. Niliandika kwa herufi ndogo.
Arubaini na mbili, na figo.
Kurasa mbili hazina kitu.

Jumanne iliyopita alikuja na mfuko wa mashati,
manane, yote ya mkono wangu.
Akaketi kwanza, akapumua, ndipo akasema.
Nikampima peke yangu:
mikono yangu ilionana mgongoni
bila msaada wa mtu,
nikakaa hivyo kidogo kuliko inavyohitaji kazi.
Thelathini na saba, Shebwana.
"Nimekushinda kwa moja," akasema,
"ulidhani narudi nilikoanzia."

Nilipochukua mkasi akanishika mkono.
Vidole vile bado vina nguvu ya ekseli.
"Usikate, fundi. Kunja ndani."

Nikakunja ndani.
Mashati manane, inchi saba kila upande,
tetroni mbichi isiyofifia,
rangi yake ile ile ya siku ya duka.