Kivuli cha Kijivu

Wananiuliza: Mzuzuri, mbona kimya?
Upo kweli, au namba hii amepewa mtu mwingine?
Mahali pa sura yangu pana kile kivuli cha kijivu
kisicho pua wala masikio,
nilichokikuta siku ya kwanza, sijakigusa.
Chande anasema naringa.
Shemeji anasema nina mke Mbagala, namficha.

Mimi ni fundi wa vioo, Mtaa wa Aggrey,
meza futi tatu chini ya ngazi za duka la mapazia.
Simu huja zimepasuka. Nikishabandika kioo kipya
sharti nijaribu kama kinaitika kidole,
nagusa hapa, nagusa pale, na bila kutaka naona:
keki moja, picha arobaini na moja.
Ya arobaini ndiyo waliyoiona watu.
Kwenye ya kumi na saba bwana harusi anapiga miayo.
Sisemi. Fundi simu na mwosha maiti,
kiapo chetu kimoja.

Lakini si hilo. Nisijisingizie hekima.

Mama alipofariki, tulipotoka kumzika Kisutu,
niliweka picha yake, ile ya khanga ya njano.
Pole zikadondoka kama vuli kwenye bati.
Usiku, matanga hayajaanuliwa,
watu wamelala mikekani hadi mlangoni,
mimi chini ya shuka, mwanga wa simu usoni,
nahesabu.
Mia na sita.
Kisha nikaanza kuwahesabu wasiokuwepo:
Chande hajaandika. Bosi wa zamani kaona, kapita.
Mama yangu, siku moja ardhini,
nami nimeshamgeuza daftari la wadaiwa.

Alfajiri nikaifuta. Wakasema ni uchungu.

Juzi Tunu ameng'oka jino.
Akacheka, ulimi ukachungulia pengoni, nikapiga.
Picha nzuri, hata taa ya Luku imewaka nyekundu nyuma yake.
Nikaandika, nikafuta. Nikaandika "Mwanangu,"
na baada ya mkato kistari kikawa kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu aliyepiga hodi akasikia watu ndani wakinong'ona.
Mke wangu akasema: weka basi, watu waone.
Nikamwambia chaji imeisha.
Ilikuwa sabini na nane.

Jino lenyewe ninalo hapa mezani,
ndani ya kikopo cha skrubu.
Mteja akikawia, nakitikisa.
Miongoni mwa chuma chote kile
najua mlio wake.