Dakika ya Kumi na Sita

Mwezi wa kwanza niliviadhibu vitufe vyote.
Besi niliipandisha hadi bati likaitikia,
mwangwi nikaumimina kama mpishi asiyeonja mchuzi,
na sauti ya Kalunde ikatoka
imevimba, kama imeumwa na nyuki.

Chumba chetu kiko Isevya, nyuma ya duka la mbolea.
Trei za mayai tulizibandika ukutani, mia na kumi na mbili.
Nkwabi alizitazama, akacheka:
"Hizo huzuia mayai yasivunjike, basi."
Tukaning'iniza magodoro mawili ya bweni
na blanketi la kijivu, lile la kukwaruza.
Chumba kikanyamaza.
Nikasikia mate yangu yakishuka kooni.

Halafu friji.
Ya Mama Msimbete, muuza barafu, ng'ambo ya ukuta:
mmmm, chini ya kila wimbo, mmmm.
Nilimpa mia tano aizime robo saa.
"Ikifika kumi na sita," alisema, "ni elfu."

Nkwabi hakunifundisha mashine.
Alinifundisha kusogea.
"Usiongeze kitu. Hamisha maiki."
Vidole vinne toka mdomoni.
Iinamishe, pumzi ya *pa* na *ba* ipite pembeni.
"Sasa?"
"Bado."
Vidole sita.
Hapo nikasikia ukucha wa Mihambo
ukiugusa waya wa zeze kabla waya haujalia,
na Kalunde, fundi cherehani,
akaimba kama mtu aliyetoka kutema pini
alizozishika kwa midomo tangu asubuhi.

Usiku ule nikajiona bingwa.
Nikazikata pumzi zake, moja moja, arobaini na tatu,
wimbo ukang'aa kama sahani ya harusi.
Akavaa hedifoni. Akasikiliza. Akavua.
"Huyu dada ni nani?"
"Ni wewe."
"Mimi huwa napumua."

Nilizirudisha. Ilinichukua mpaka adhuhuri,
maana pumzi ya ubeti wa pili haikubali kukaa ubeti wa tatu;
kila moja inajua neno linaloifuata.
Ile ndefu, iliyokatika katikati,
niliirudisha pamoja na honi ya treni ya Mpanda nyuma yake.

Na mwisho kabisa, ukiongeza sauti,
utasikia ngumi tatu ukutani.
Hizo zilinishinda kuzitoa:
zimelala juu ya neno lake la mwisho.
Elfu yake bado sijamlipa.